UJUMBE ULIO JUU YA MSTARI

UMOJA WA USAFI NA UJIRANI MWEMA WA WAPANGAJI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TISA (CHA DHARURA)

TAREHE: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mara baada ya usafi wa ngazi
MAHALI: Chumba cha kufulia, ghorofa ya chini. Kila mtu alikuja na kiti chake. Waliochelewa waligeuziwa ndoo.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti – fundi wa friji, ghorofa ya nne
2. Makamu Mwenyekiti – nesi mstaafu, ghorofa ya kwanza
3. Katibu – mshona mapazia, ghorofa ya pili. Ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi
4. Kinyozi – mwenye duka la kunyoa hapo mbele ya jengo
5. Wifi – dada wa marehemu mume wa Katibu. Anaishi na Katibu
6. Wakazi wengine wengi kuliko kawaida, kwa kuwa walisikia polisi anakuja

MGENI MWALIKWA
Afande, mpelelezi wa makosa ya mtandao

WASIOHUDHURIA
1. Mpiga tarumbeta, ghorofa ya tatu – bila udhuru. Alisikika akifanya mazoezi
2. Mwenye nyumba – kwa udhuru wake wa siku zote

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Aliwashukuru wakazi kwa usafi wa ngazi, isipokuwa kipande cha kuelekea ghorofa ya tatu, ambacho alisema kimefagiliwa kwa macho. Kinyozi, ambaye kipande hicho kilikuwa zamu yake, alisema anajua anayesemwa ni yeye. Mwenyekiti alisema hajamtaja mtu. Kinyozi alisema ndiyo maana amejua.

Mwenyekiti alimkaribisha Afande na kueleza kwamba amekuja kwa mambo mawili: kuwaelimisha wakazi kuhusu wizi wa mtandaoni, na kukusanya ushahidi wa wizi uliompata yeye mwenyewe. Baada ya kusema hivyo alikaa, akapangusa miwani ambayo tayari ilikuwa safi.

KUMB. NA. 2/9: YATOKANAYO NA YALIYOTOKEA

Kwa faida ya wasiojua, Katibu alisoma muhtasari. Jumapili ya wiki iliyopita, alasiri, mtu asiyejulikana alimpigia Mwenyekiti simu, akajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja. Alisema laini inafungwa, na ili isifungwe Mwenyekiti amsomee namba za siri zitakazoingia kwa meseji. Mwenyekiti alizisoma. Punde akaunti yake ya ujumbe ikawa mikononi mwa mtu huyo, na jengo zima likaanza kupokea meseji zenye picha ya Mwenyekiti, zikisema amekwama njiani na anaomba atumiwe chochote, haraka, kwenye namba ngeni.

Kinyozi aliomba ikumbukwe kwamba Mwenyekiti ndiye aliyebandika kwenye ubao wa matangazo karatasi isemayo USIMTAJIE MTU NAMBA ZA SIRI, na kwamba karatasi hiyo bado ipo, imewekwa hadi plastiki. Mwenyekiti alisema anaikumbuka. Kinyozi alisema mganga hajigangi. Wajumbe wengine waliuliza imekuwaje mtu anayekagua kikombe kabla ya kunywea maji akanaswa kirahisi hivyo. Mwenyekiti alijibu kwamba siku ile alikuwa na mawazo. Hakufafanua ni mawazo gani.

Katibu aliendelea kusoma. Siku iliyofuata Makamu Mwenyekiti aliwaita wakazi wote humu chumba cha kufulia na kuendesha kile alichokiita Operesheni Simu Safi. Kwa maelezo yake ya siku ile, uchafu ni uchafu, uwe kwenye ngazi au kwenye simu, na uchafu hautunzwi. Aliongeza kwamba mwizi wa namna hii akishaingia husoma yote mliyowahi kuandikiana, kwa hiyo dawa ni kufuta kila kitu kilichotoka kwa Mwenyekiti, kuanzia chini hadi juu. Simu zilikusanywa mezani. Kila aliyemaliza kufuta alikaguliwa na kuwekewa tiki ya kijani mgongoni mwa mkono, kama wafanyavyo kwa watoto waliochanjwa. Mwenyekiti, kwa kuwa ni fundi na anaamini katika kuzima, kusafisha na kuwasha, aliirudisha simu yake kama ilivyotoka dukani. Yote aliyowahi kumwandikia mtu yalipotea.

Katika zoezi hilohilo, Kinyozi alichukua simu ya Katibu badala ya yake, kwa madai kwamba zinafanana. (Ya Katibu ina kasha lenye maua.) Akasoma kwa sauti alichokiona: "Naomba nikuoe." Alipoona ujumbe umetoka kwa Mwenyekiti, alitangaza kwamba mwizi huyu hana haya, anaomba pesa kwa mkono huu na mke kwa mkono ule. Watu walicheka sana. Katibu naye alicheka. Mwenyekiti alikuwa anaangalia mashine ya kufulia iliyokuwa inazunguka. Halafu zoezi likaendelea.

Makamu Mwenyekiti alisema muhtasari umekuwa mrefu. Katibu alisema umekuwa kamili.

KUMB. NA. 3/9: ELIMU YA WIZI WA MTANDAONI NA USHAHIDI WAKE

Afande alisimama karibu na mashine za kufulia na kuanza kwa kuwapongeza wakazi kwa kutotuma pesa. Alieleza kwamba wizi wa namna hii hauvunji mlango, bali humwomba mwenye nyumba afungue mwenyewe. Mwizi hana haja ya kuwa bingwa wa kompyuta. Anachohitaji ni sauti ya upole na mtu mwenye haraka au mwenye kitu kingine kichwani. Mwenyekiti alipangusa miwani tena.

Kisha Afande aliuliza Operesheni Simu Safi ilikuwa ni nini hasa. Makamu Mwenyekiti alimweleza kwa fahari, hatua kwa hatua, pamoja na habari ya tiki. Afande alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza kama simu zote zilisafishwa. Makamu alisema zote, na kwamba alizikagua mwenyewe. Afande alikaa kwenye ndoo.

Alieleza, kwa heshima na bila kumtazama mtu, kwamba simu iliyopokea meseji za mwizi ndiyo mahali pa tukio. Kufuta meseji hizo ni sawa na kukuta nyumba imevunjwa, kisha kabla ya polisi kufika ukapiga deki, ukafua mapazia na kupaka rangi dirishani. "Yaani mama, hapa mmesafisha kweli," alisema. "Sijawahi kuona jengo safi kama hili. Sina hata unyayo mmoja wa mwizi."

Makamu Mwenyekiti alisema kwamba amefanya kazi wodini miaka yote na hakuna aliyewahi kulalamikia usafi wake. Alisema pia kwamba angeshauriwa mapema kama Katibu asingekimbilia kituoni kuripoti bila kumwambia. Katibu alijibu kwamba kuripoti ni kazi ya katibu, na mficha uchi hazai. Mwenyekiti aliwaomba wote wawili warudi kwenye ajenda.

Afande alimgeukia Makamu na kumuuliza: wodini, sampuli ya damu ilikuwa inafanywaje baada ya kutolewa? Makamu alisema hilo swali gani. Inafungwa, inaandikwa jina na saa, na kila anayeipokea anatia saini, hadi maabara. Je, mtu akiimwaga kwa sababu ni chafu? Makamu alisema, "Nimekuelewa, mwanangu." Kuanzia hapo alikuwa msikilizaji wa kwanza kwa bidii, na mara mbili alimnyamazisha Kinyozi.

Afande alieleza namna ya kutunza ushahidi. Usifute. Usimjibu mwizi, hata kwa matusi, maana ukimjibu unamwonya. Piga skrinshoti, lakini usidhani inatosha, kwa sababu picha ya meseji hata mtoto anaweza kuitengeneza. Kinachotakiwa ni meseji yenyewe ndani ya simu yenyewe. Andika nani ameishika simu na lini. Mpelelezi naye hapekui simu kwa vidole tu. Huikata mtandao ili mtu asiifute kutoka mbali, halafu hutoa nakala yake nzima kwa kifaa maalumu. Nakala hiyo hupigiwa hesabu inayozaa alama ndefu ya namba na herufi. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya nakala, alama nzima inageuka, na hakimu anajua imeguswa.

Kinyozi aliuliza kama alama hiyo inaweza kupigwa pia kwa mteja, ili akirudi kulalamika kwamba hakunyolewa alivyotaka ijulikane nani amegusa nini. Afande alisema teknolojia haijafika huko.

Akauliza kwa mara ya mwisho, bila matumaini makubwa: kuna yeyote ambaye hakufuta?

Wakazi waliangalia mikono yao, ambayo mingi bado ilikuwa na kivuli cha kijani. Katibu aliinua wake. Haukuwa na tiki. Makamu aliuliza ilikuwaje akampita. Katibu alikumbusha kwamba siku ile alikuwa anaandika kumbukumbu, na Makamu alisema mwandishi asisumbuliwe.

Alipoulizwa kwa nini hakufuta, Katibu alieleza kwamba ni kazi ya katibu kutunza kumbukumbu. Wifi alikohoa. Kikohozi hicho kinaingizwa hapa kwa kuwa kilirudiwa.

KUMB. NA. 4/9: MAKABIDHIANO YA SIMU YA KATIBU

Afande alifurahi kupita kiasi cha ofisa wa polisi. Alivaa glavu, akaikata simu mtandao bila kuizima, akaomba shahidi wa makabidhiano. Makamu Mwenyekiti alijitolea kabla sentensi haijaisha. Aliandika saa, maelezo ya kasha lenye maua, na mkwaruzo ulio kwenye kona, kwa mwandiko wa wodini ambao ulibidi Afande asomewe. Waya ulichomekwa kwenye soketi ya mashine ya kufulia ya pili.

Wakati nakala inatoka, Afande alifungua mazungumzo ya Katibu na Mwenyekiti. Aliikuta namba ngeni ya mwizi, meseji zote za kukwama njiani, na ujumbe mmoja wa sauti ambao mwizi alisahau kuuondoa. Alisema namba hiyohiyo imelalamikiwa na watu wa sehemu nyingine tatu, lakini hakuna hata mmoja aliyebaki na ile sauti. Hakuahidi kumkamata mtu kesho. Alisema tu kwamba leo asubuhi jalada lake lilikuwa jembamba, na sasa limeota nyama. Wakazi walipiga makofi, na Katibu alipongezwa. Kinyozi alisema yeye siku zote alijua Katibu ni mtu makini, hasa kwa upande wa kasha.

Afande alihitaji kuorodhesha meseji zipi ni za mwizi. Alisoma kuanzia chini kwenda juu. Alipofika juu alisita. Alimwambia Katibu kwa sauti ndogo kwamba kuna ujumbe mmoja wa faragha, na kwamba, kama angependa, watoke nje wakauzungumzie kwenye ngazi.

Kinyozi alisema huo haufichiki, ulishasomwa.

Katibu alisema ulisomwa maneno mawili. Kama kielelezo kinasomwa, kisomwe chote, na kwa sauti ya mtu mwingine. Alikuwa ameishika kalamu vibaya, kwa hiyo mistari miwili ya rasimu ya kumbukumbu hizi ilichorwa na ikabidi iandikwe upya.

KUMB. NA. 5/9: UJUMBE WENYEWE

Afande alisoma kama ifuatavyo:

"Katibu, salamu. Hili halihusu Umoja. Mimi si mtu wa maneno, unanijua. Nikipanda ngazi, kuanzia ghorofa ya kwanza nakuwa na mwendo wangu wa kawaida, nikifika ya pili napunguza. Nikisema ana kwa ana nitaishia kuzungumzia gesi ya friji. Naomba nikuoe, ukiona inafaa. Kama haifai, nijibu neno moja tu, Imepokelewa, kama unavyojibu barua za Umoja, nami nitaelewa na sitakusumbua tena."

Hakuna aliyecheka safari hii. Tarumbeta ilisikika kutoka juu, ikirudia sehemu ileile inayomshinda mpigaji.

Makamu Mwenyekiti alisema ndiyo hatari ya hawa watu, wanasoma mazungumzo ya zamani ya mtu na kujua hadi habari za gesi na za Imepokelewa. Wanakulainisha kwanza kwa maneno matamu, halafu chini yake wanaomba pesa. Katibu alisema naye aliuelewa hivyohivyo.

Afande alisema hapana.

Alieleza mambo mawili. La kwanza, mwizi aliyepewa namba za siri anaipata akaunti, lakini hayapati mazungumzo yaliyobaki ndani ya simu ya mwenyewe. Ni kama kupewa kiti cha kinyozi. Hupewi vichwa vilivyokwisha kunyolewa. La pili, akawaita Makamu na Katibu wasogee waone. Katikati ya mazungumzo kulikuwa na mstari mdogo wa kijivu, ambao hakuna mtu huwa anausoma, unaosema kwamba msimbo wa usalama wa mhusika umebadilika. Mstari huo hauandikwi na mtu. Programu yenyewe huuweka akaunti inapohamia kwenye simu nyingine. "Hapa ndipo mwizi alipoingia," alisema, akiweka kidole cha glavu. "Kila kilicho chini ya mstari huu kimetoka kwa mwizi. Kilicho juu yake kimetoka kwenye simu ya mwenye akaunti."

Makamu alivaa miwani yake ya kusomea. Meseji za kukwama njiani zilikuwa chini ya mstari. Ujumbe ule ulikuwa juu.

Katibu aliomba uhakika. Afande alisema kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo maana amekuja na cha pili. Alitoa taarifa ya kampuni ya simu, ambayo Mwenyekiti mwenyewe alitia saini ipatikane, inayoonyesha zile namba za siri zilimfikia lini. Ujumbe wa kuomba kuoa ulitumwa karibu saa nzima kabla yake. "Kwa hiyo mama," Afande alimwambia Katibu, "huu siwezi kuuandika kwenye orodha ya uhalifu. Hauna kosa lolote."

Watu wote walimgeukia Mwenyekiti.

Mwenyekiti alisimama. Alisema kwamba kwa kuwa ana maslahi binafsi katika ajenda hii, anaachia kiti. Makamu alikikalia papo hapo. Mwenyekiti alihamia kwenye ndoo aliyoiacha Afande, lakini hakukaa.

"Ni wangu," alisema.

Kaimu Mwenyekiti, ambaye ndiye Makamu, alimtaka ajieleze vizuri, kikao kinarekodiwa. Mwenyekiti alieleza kwamba aliuandika ujumbe ule tangu asubuhi, akaufuta, akauandika, na alasiri akautuma kabla hajajizuia. Baada ya hapo alikaa na simu mkononi akisubiri jibu. Friji ya mteja ilikuwa wazi mbele yake, barafu inayeyuka, haioni. Simu ilipoita alidhani ni Katibu. Ilipokuwa ya mtu wa huduma kwa wateja, alichotaka ni amalize haraka laini iwe huru, jibu lisije likakosa njia. "Angeniomba na ufunguo wa nyumba ningempa," alisema.

Kinyozi aliuliza: kama ni wake, kwa nini siku ya Operesheni hakusema? Hakuuliza kwa mzaha. Mwenyekiti alisema siku ile alikuwa anasubiri kuona Katibu atafanya nini. "Akacheka," alisema. "Nikajua ndiyo jibu lenyewe. Nikaona heri mwizi aubebe, kuliko kumwaibisha mama wa watu mbele ya jengo zima." Kisha alikwenda akafuta simu yake yote ili asiwe anausoma tena.

Kinyozi alisimama na kumwomba Katibu radhi kwa kusoma simu isiyo yake. Alisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na yeye siku ile alijikwaa vyote. Katibu aliipokea radhi hiyo. Imeingizwa hapa kama alivyoomba, pamoja na kukiri kwake kwamba simu hazifanani.

KUMB. NA. 6/9: HOJA YA WIFI

Wifi aliomba nafasi. Ikumbukwe kwamba Wifi ni mtu wa maneno machache vikaoni, na alipokohoa mapema alikuwa ametumia mengi.

Alisema watu wanamwangalia yeye kwa jicho la pembeni, kwa sababu ni dada wa marehemu, wanadhani atakasirika. Alisema kaka yake alikuwa mtu wa kupenda vicheko, na nyumba yao imekuwa kimya muda mrefu. Alisema ameishi na wifi yake kwa amani, hawajawahi kugombana hata kwa chumvi, na hamwondoi kwenye undugu hata akiolewa na serikali. Hapo alipangusa macho kwa upande wa khanga, na Kaimu Mwenyekiti naye akampa taulo iliyokuwa imeanikwa, ambayo haikuwa yake.

Wifi aliendelea kwamba yeye hakuhitaji mstari wa kijivu. "Mimi naishi kwenye hiyo nyumba," alisema. "Friji yetu kila mwezi inazimika, fundi kila mwezi anakuja, anakaa nayo hadi chai ya pili, na akiondoka haina hata dalili kwamba iliumwa. Sijapata kuona ugonjwa wa namna hiyo. Na wewe wifi, tangu lini mtu wa friji anapikiwa chai kwa birika la wageni?"

Katibu alieleza kwamba friji ni ya zamani. Aliomba suala la friji lisiingizwe kwenye kumbukumbu kwa kuwa ni nje ya ajenda. Hoja hiyo ilipigiwa kura na kushindwa, kwa kuungwa mkono na Katibu peke yake.

KUMB. NA. 7/9: JIBU

Kaimu Mwenyekiti alisema kikao kinamsubiri Katibu. Katibu alisema ombi lilikuja kwa maandishi, na yeye ana utaratibu: ombi la maandishi hujibiwa kwa maandishi. Litajibiwa ndani ya kumbukumbu hizi, na Mwenyekiti atalisoma kabla ya kutia saini, kama ilivyo kawaida. Kinyozi alisema huu ni ukatili. Afande, ambaye alikuwa amemaliza kazi yake na angeweza kuondoka, alisema atasubiri. Katibu hakubadilisha msimamo. Mwenyekiti alisema amesubiri wiki, kumbukumbu za kikao kimoja hazitamuua, ingawa uso wake ulikuwa na mashaka.

Jibu la Katibu ni hili.

Ujumbe ulimfikia akiwa kwa mteja, juu ya ngazi, pazia mkononi. Ilibidi ashuke. Pazia lile lilifungwa upande mmoja chini, upande mwingine juu, na mteja amesema hivyohivyo ndivyo anavyopenda. Katibu alikuwa bado anatafuta maneno yanayostahili pale meseji za kukwama njiani zilipoingia chini yake, akajiona mtu mzima aliyedanganywa. Siku ya Operesheni alicheka kwa sababu wote walicheka, na kulia mbele ya mashine za kufulia kungemtia aibu. Hakufuta. Alijua, au alidhani anajua, kwamba maneno yale ni ya mwizi, lakini yalikuwa mazuri, na tangu afiwe hakuna aliyekuwa amemwandikia neno lolote lisilohusu vipimo vya madirisha. Alikuwa anayasoma kila asubuhi kabla ya kuchemsha maji. Leo ameambiwa mbele ya mashahidi kwamba ni ya yule ambaye Katibu alitaka yawe yake, na furaha aliyo nayo haiwezi kuandikwa kwa lugha ya vikao.

Kwa hiyo Katibu hasemi Imepokelewa. Katibu anaona inafaa.

UTEKELEZAJI: Mwenyekiti, kwa kushirikiana na Katibu.
MUDA: Asipunguze mwendo akifika ghorofa ya pili. Asimame, abishe hodi.

KUMB. NA. 8/9: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Iliazimiwa kwamba Operesheni Simu Safi isirudiwe, na badala yake Makamu Mwenyekiti awe Mtunza Vielelezo wa jengo. Alikubali, akaomba glavu. Afande alimwachia jozi moja.

Iliazimiwa pia kwamba karatasi ya namba za siri iliyo kwenye ubao iongezwe mstari kwa chini: HATA UKIWA NA MAWAZO. Mwenyekiti alisema ataiandika mwenyewe.

Kinyozi alipanda ghorofa ya tatu na kurudi na Mpiga tarumbeta, aliyekuja na soksi mguu mmoja na hajui kilichotokea. Aliambiwa apige chochote. Alipiga ile sehemu inayomshinda siku zote, na safari hii ilipita. Wakazi walicheza kati ya mashine za kufulia, Afande akiwa na glavu zake, Wifi na taulo ya watu begani. Kaimu Mwenyekiti alifunga kikao saa kumi na mbili kasoro, lakini hakuna aliyemsikia, wala yeye hakurudia.

Kumbukumbu hizi ziliandikwa kesho yake asubuhi na kupelekwa kwa mkono hadi ghorofa ya nne.

Zimethibitishwa na:

MWENYEKITI: (saini, imetiwa mara mbili)

Maelezo kwa mkono wa Mwenyekiti: Nimesoma zote. KUMB. NA. 7/9 nimeisoma zaidi ya mara moja na ni sahihi. KUMB. NA. 6/9 ina kosa: friji ya Katibu si ya zamani wala haijawahi kuharibika. Kila nilipoitwa niliikuta imechomolewa tu ukutani. Nilikuwa naichomeka, halafu nakaa hadi chai ya pili nikijifanya natengeneza.

KATIBU: (saini)

Maelezo ya Katibu: Maelezo ya Mwenyekiti hapo juu yaliongezwa baada ya kikao kufungwa, na hayakujadiliwa na wajumbe. Hata hivyo hayatafutwa.